Swali la Saba la Bibi Kansilida

Jumatatu, 3 Machi

Daftari hili nilipewa na ofisi ya kata niandike majina ya wageni wanaokuja kusaidiwa kwenye tovuti ya serikali. Majina nayaandika mbele. Huku nyuma nitaandika ya kwangu, maana mvua zikikaribia moyo wangu hauna adabu, na watu wa hapa wamechoka kunisikia.

Leo fomu mpya imefunguliwa. Kila kaya iliyojenga mteremkoni iijaze kabla ya mwisho wa mwezi. Maswali kumi na mawili, jibu ni ndiyo au hapana. Atakayeonekana yuko hatarini atahamishiwa nyumba mpya za bondeni, Gasiza, kabla masika hayajakolea. Mlima wetu wa Kagoma ni mteremko mtupu, hata kuku hapa hutaga wameegemea kitu. Na wakala wa tovuti mlima mzima ni mimi, na kompyuta moja, na betri inayochaji simu za watu.

Mtendaji wa kata, Faustin, amenisomea sharti mara mbili.

"Drocella, wewe ni kalamu tu. Andika anachojibu mwananchi. Ukimjibia, umeghushi, na kughushi ni jela."

"Nimesikia, mtendaji."

"Umesikia au umeelewa?"

Nimeelewa. Mtu akitamka jela, mimi huelewa kabla hajamaliza.

Jumatano, 5 Machi

Wageni kumi na wawili. Wote wameoga, wamevaa nguo za misa, kwa sababu wanakwenda mbele ya serikali. Mzee mmoja aliivulia kompyuta kofia.

Na wote wamejibu hapana. Nyumba ina nyufa? Hapana, tunamshukuru Mungu. Maji hutokeza nyuma ya nyumba? Hapana. Mwaka jana ardhi ilimega nusu ya migomba ya huyo mzee wa kofia, tukaenda kumpa pole sote. Leo ananiambia hakuna tatizo, huku akinitazama machoni. Kwetu machozi ya mtu mzima hutiririkia tumboni. Humwambii mgeni shida zako siku ya kwanza, na hii tovuti ni mgeni kuliko wageni wote. Ila tovuti haijui mila. Ikiambiwa hapana, inaamini hapana, inatoa karatasi ya kijani: MAKAZI SALAMA.

Hata Sipiriyani, fundi baiskeli ninayepakana naye hapa barazani, kajibu hivyo hivyo.

"Nyumba yako imeegemea mlima, Sipiriyani. Hata kipofu anaona."

"Imechoka, dada, inapumzika. Andika hapana."

Ijumaa, 7 Machi

Kumi na tisa. Hapana, hapana, hapana. Jioni wachuuzi walishusha magunia ya viazi pale nje na mimi nikajikuta nimesimama juu ya kiti. Sipiriyani amecheka mpaka akaangusha spana.

Hakuwapo miaka saba iliyopita. Udongo ulipomfukia kaka yangu Anselimi na watoto wake wawili, mlio ulikuwa huohuo. Gunia la viazi likibwagwa chini, mara moja, basi.

Jumanne, 11 Machi

Leo amekuja Bibi Kansilida, na mkwewe Beata nyuma yake, mimba imeshamtangulia. Mtoto wa bibi yuko Kigali kwenye ujenzi, kwa hiyo nyumba ni ya wanawake hao wawili. Bibi alikuwa na mama yangu kisima kimoja tangu usichana. Ananiita mwanangu na mimi humwogopa kidogo, kama inavyotakiwa.

Alikaa wima akaweka mikono magotini. Nikasoma, akajibu. Tulipofika swali la saba, "Umeona ufa ukutani au ardhini nyuma ya nyumba?", nilisoma polepole. Swali hilo moja likijibiwa ndiyo, karatasi hutoka nyekundu, hata yaliyobaki yote yakiwa hapana.

"Hapana," akasema.

"Bibi, hata kaufa kadogo?"

"Mwanangu, mashine imeuliza mara moja. Wewe mbona unauliza mara mbili?"

Beata alikuwa anatazama vidole vyake vya miguu. Mimi nimekwenda kwa Bibi Krismasi. Nyuma ya kalenda ya kanisa, ile yenye picha ya askofu, kuna ufa. Nilifunua nikitafuta tarehe ya ubatizo na nikaona mchana wa upande wa pili. Sipiriyani naye anajua, husema ukuta wa Kansilida unashikiliwa na askofu.

Nimeandika hapana. Karatasi imetoka ya kijani, Bibi ameikunja akaitia kwenye mfuko wa nailoni, na wameondoka wananishukuru.

Ijumaa, 14 Machi

Mvua.

Jumamosi, 15 Machi

Mvua. Mgeni hakuna. Nimehesabu paa za mteremkoni kutoka dirishani, zote zipo.

Jumanne, 18 Machi

Nimempandia Bibi Kansilida. Nilibeba sukari, maana huendi mikono mitupu, naye alinipa maziwa mgando, tukazungumza habari za maharage kwa muda mrefu kabla sijapata ujasiri.

Nikasimama, nikamsogeza askofu. Mkono wangu uliingia mpaka kwenye kiwiko. Ulitoka umelowa.

"Bibi, huu nao?"

"Huo ni wangu."

"Fomu haijafungwa. Twende ujibu upya, wakuhamishe. Beata anajifungua mwezi wa tano."

Hakukasirika. Ningependelea akasirike. Alimtuma Beata kuni, kisha akaniambia kwa sauti ya kawaida, kama tunaongea habari za yale maharage:

"Nimewahi kuandikwa, Drocella. Mwaka ule wa mauaji. Alikuja kijana na daftari, mstaarabu kama wewe, akauliza nani anaishi hapa, wangapi, majina yao. Tukajibu kila kitu, tulikuwa watu wa kweli. Baadaye wakaja wenzake na orodha. Mimi nilikuwa shambani. Tangu siku hiyo mtu mwenye daftari akiniuliza, jibu langu ni hakuna. Hakuna mtu, hakuna ufa, hakuna shida. Anayejibu hakuna hawarudi kumtoa."

"Hii siyo orodha ile, bibi. Hii ni ya kukuokoa."

"Najua. Kichwa kinajua. Kunywa maziwa."

Nimeyanywa. Nilishuka mlima nikishika miti, siyo kwa utelezi.

Jumamosi, 22 Machi

Mvua siku ya nne. Beata amekuja kuchaji simu ya nyumbani.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemuuliza Faustin kama jibu linaweza kusahihishwa. Nilijifanya nauliza kwa ajili ya watu wote.

"Linaweza, mpaka tarehe thelathini na moja jioni. Mwenye kaya anaomba, namba ya uthibitisho inakuja kwenye simu yake, anaiingiza. Asipotaka, basi. Kwani nani anataka?"

"Hakuna," nikasema. Nami nimekuwa kama wao.

Jumatatu, 31 Machi

Naandika haraka, sitaki kesho nijidanganye kwamba ilikuwa vingine.

Asubuhi anga ilikuwa nyeusi upande wote wa juu. Saa nne Beata aliingia, amelowa chapachapa. Akaiweka simu ya Bibi mezani.

"Imekuja kuchajiwa."

Nikaitazama. Ilikuwa imejaa.

"Beata, hii ina chaji."

"Huwa inaisha upesi." Akashika kiuno, akapumua. "Ule ufa, dada, umefika nyuma ya kitanda changu. Naweka sikio nasikia maji. Sikuja kwa hilo, nimetaja tu."

"Bibi anajua umekuja?"

"Anajua nimekuja kuchaji simu. Nitaifuata jioni. Sina haraka."

Akatoka. Hakuniomba kitu, na mimi sikumwahidi kitu. Hivyo ndivyo tunavyoombana huku kwetu.

Nilikaa na ile simu mpaka saa tisa. Nilijiambia kwamba kwa mwoga huenda kicheko na kwa shujaa huenda kilio, kwa hiyo nitulie, niwe mwoga, mambo yapite. Kisha nikafikiri kicheko kitakuwa kwa nani udongo ukishuka. Nilifikiria jela. Nilimfikiria yule kijana mstaarabu mwenye daftari. Nilitaka mtu aje anizuie, na mtu pekee aliyekuja alikuwa Sipiriyani, kutaka sindano.

Saa tisa na nusu wachuuzi wakabwaga magunia.

Nikafungua tovuti. Jina lake, namba ya kitambulisho, sahihisha. Swali la saba. Nikabofya ndiyo. Simu ikalia mezani, nikaisoma namba, nikaiingiza. Skrini ikawa nyekundu: MAKAZI HATARISHI. KAYA ITAHAMISHWA.

Zile kaya nyingine arobaini na tatu sikuzigusa. Simu zao hazikuwa mezani kwangu, na hiyo si sababu ya maana, lakini ndiyo sababu.

Beata alikuja saa kumi na moja. Aliitia simu kwenye khanga akasema, "Asante kwa chaji."

Jumanne, 1 Aprili

Faustin anasoma orodha. "Kansilida? Si alikuwa wa kijani?"

"Alisahihisha."

"Kansilida alisahihisha?" Akanitazama sana. "Haya. Mungu mkubwa."

Jumamosi, 5 Aprili

Wamehamishwa leo. Watu wanane walipanda, mimi nikiwemo, sikuweza kukosa. Faustin alikuwa na orodha mkononi, imetiwa kwenye plastiki isilowe. Bibi Kansilida alisimama mlangoni na ile karatasi yake ya kijani.

"Mimi niko salama. Imeandikwa."

"Imebadilika, bibi. Wewe mwenyewe ulisahihisha."

"Mimi?"

Hakupiga kelele wala hakushika mlango. Alizitazama nyuso zetu moja moja, polepole, na alipofika kwangu hakukaa zaidi kuliko kwa wengine. Kisha akaingia ndani akaanza kukunja mikeka, haraka, kama mtu aliyewahi kukunja mikeka hivyo. Mimi nilibeba mtungi. Askofu alibaki ukutani, kasema aachwe.

Wakati mwingine uongo ukifanikiwa, mtu anatakiwa aone ahueni. Mimi nilitembea nyuma ya wote na mtungi wake, nisionane naye macho.

Jumatano, 9 Aprili

Wiki ya kumbukumbu ya mauaji yale. Mchana tunafunga ofisi, watu wanakwenda mikutanoni au wanakaa kimya majumbani. Nimesikia Bibi hali kitu huko Gasiza. Anakaa kitako kwenye mkeka akitazama mlango.

Sikujua tarehe ingeangukia hivi. Siyo kweli. Nilijua, tarehe hii kila mtu anaijua. Sikutaka kufikiri.

Ijumaa, 11 Aprili

Mvua.

Jumamosi, 12 Aprili

Mvua. Mvua ya mawe.

Jumamosi, 19 Aprili

Jiko la Sipiriyani limekwenda. Saa tano asubuhi, yeye akiwa hapa barazani akipiga pampu. Nilisikia ule mlio nikajua si viazi. Tulikimbia. Mahali pa jiko palikuwa na udongo mwekundu laini, safi, kama umelimwa. Mbuzi wawili wako chini yake. Mkewe alikuwa ameenda kuchota maji, ndiyo pona yake.

Sipiriyani alisimama hapo, mabega yamejaa matope, akatoa karatasi yake ya kijani mfukoni.

"Karatasi inasema niko salama," akasema. "Mlima haujui kusoma."

Watu wakacheka kidogo kwa heshima. Nikamuuliza kama yuko sawa.

"Hakuna tatizo, dada."

Halafu akakaa chini kwenye tope akaanza kutetemeka, mpaka meno. Nilimfunika kwa koti langu. Ni mimi niliyemwandikia hapana, naye anajua kwamba najua, na kesho ataendelea kunitania.

Jumatano, 23 Aprili

Nyumba ya Bibi Kansilida imesimama.

Ijumaa, 25 Aprili

Imesimama. Naiona kutoka dirishani, paa lake lenye tofali juu ya bati.

Jumatatu, 28 Aprili

Wanasema Bibi huondoka Gasiza asubuhi, anapanda mwendo wa saa mbili, anakaa ndani ya nyumba yake mpaka alasiri, anashuka. Beata kamwambia ni hatari. Bibi kajibu kwamba hatari imeandikwa na watu.

Kwa hiyo sikumtoa. Nimemwongezea safari tu, na utelezi.

Alhamisi, 1 Mei

Nitaliandika hili kwa kuwa hakuna atakayelisoma. Leo nimeamka, nimefungua dirisha, nimeiona nyumba bado imesimama, na nimesikitika. Nilikuwa nimeomba ianguke. Nilimwomba Mungu aiangushe jioni, Bibi akiwa ameshashuka, watu waje waseme Drocella alikuwa na haki.

Miaka saba nimeogopa mlima. Leo nimejiogopa mimi.

Jumanne, 6 Mei

Beata amejifungua Jumapili, mtoto wa kike, salama. Nimeipata habari kwa Bibi Kansilida mwenyewe, aliyeingia humu saa tatu asubuhi, peke yake, amevaa vazi jeupe la misa lililofungwa begani, na khanga kiunoni. Miguu ilikuwa matope mpaka magotini. Akakaa wima, mikono magotini.

"Hongera, bibi."

"Tumshukuru Mungu. Nimeambiwa kwenye mashine yako kuna mahali pa malalamiko."

"Papo, bibi."

"Nisaidie. Si ndiyo kazi yako?"

Nikafungua ukurasa. Kipanya cha kompyuta kilikuwa kinateleza mkononi kwa jasho.

"Andika hivi. Mimi Nyirabagenzi Kansilida niliulizwa, nikajibu hapana. Mtu akanijibia ndiyo. Wakaja na orodha wakanitoa nyumbani kwangu."

Nikaandika neno kwa neno. Nikamsomea, akaitikia kwa kichwa.

"Hapa wanauliza, unamshuku nani?"

"Weka jina lake."

"Lipi, bibi?"

"Unalijua. Siku ya nane ya kuzaliwa kwako, ulipopewa jina, nilikuwepo, nimekupakata. Mama yako alicheka kwa sababu ulinikojolea."

Nikaandika Mukarugwiza Drocella. Nilikosea herufi mara mbili, nikafuta, nikaandika tena. Yeye alingoja.

"Wanauliza, kuna mwingine aliyehusika?"

Macho yake yakaenda kwenye mstari wa simu zinazochajiwa, yakakaa pale. Simu haina miguu, haitembei yenyewe kutoka mlimani.

"Hapana," akasema. "Hakuna mwingine."

Nikaandika hapana. Likabaki swali la mwisho: Je, umepata madhara? Nalijua swali hilo. Akijibu hapana, lalamiko hujifunga lenyewe, haliendi kokote, hakuna atakayeliona. Na mdomo wa Bibi naujua pia. Nilitakiwa kusoma tu, kwa sauti yangu ya kila siku, na kunyamaza. Nikasoma.

"Hapana," akasema, bila hata kufikiri. "Hakuna tatizo."

Kidole kilikuwa tayari juu ya hapana. Jela ikafunguka ikaniacha, niliusikia mwili wangu wote ukilegea, hata njaa nilihisi. Nje Sipiriyani alikuwa anagonga rimu.

Nikaondoa mkono.

"Bibi, hilo sijaliandika. Usiijibu mashine. Nijibu mimi."

"Nikujibu nini?"

"Umeumia?"

Nilidhani atasimama aondoke. Mikono yake ikaanza kusuguana magotini, na sauti ilipotoka ilikuwa ndogo, siyo ya kumwogopa mtu.

"Ndiyo," akasema. "Silali. Nakaa kitako nangoja warudi. Na wewe ulijua, Drocella. Sijawahi kumwambia mtu habari ya lile daftari, hata mwanangu. Nilikuambia wewe, ukinywa maziwa yangu."

"Ndiyo, bibi."

"Basi andika ndiyo."

Nikaandika. Simu yake ikalia ndani ya khanga. Akaitoa, akainyoosha kwangu.

"Soma wewe hiyo namba. Si umezoea."

Nikaisoma, nikaiingiza, nikatuma. Lalamiko limepokelewa. Nikamchapia risiti, akaikunja akaitia kwenye ule mfuko wake wa nailoni, pamoja na karatasi ya kijani. Sikumwomba msamaha. Niliogopa angesema hakuna tatizo.

Mlangoni akageuka.

"Nimepita kwangu nikija. Askofu ameanguka."

"Kalenda?"

"Na matofali mawili nyuma yake."

Nikasimama. Nilitaka kumwuliza anakwenda wapi sasa, sikuthubutu. Nikamfuata kwa macho kutoka barazani, Sipiriyani naye akaacha kugonga. Pale njia inapogawanyika alisimama muda, akautazama mlima. Kisha akafunga khanga vizuri, akashika njia ya Gasiza, kwa mjukuu.

Alhamisi, 8 Mei

Faustin ametuma ujumbe. Kesho saa mbili niende ofisini na funguo za kibanda na daftari hili. Kurasa za nyuma nitazichana asubuhi, au nitaziacha, sijaamua.

Mvua inanyesha. Naogopa kesho, sitasema uongo. Nimetoka mara tatu kutazama lile paa lenye tofali, na mara zote tatu nimemwomba Mungu aliache limesimama.